Jibu Lililompata Baba Mkwe

Ninyi vijana mtakaosoma hii, mnaojisifu kwamba mtu akiwaambia moja mnamrudishia mbili, kaeni chini. Mimi nilikuwa hodari wa hayo kabla mama zenu hawajazaliwa, na aibu iliyonipata bado inanichoma (sikusoma sana, kwa hivyo naandika vile ninavyoongea).

Kujibu nilijifunzia malishoni. Kaka yangu Ogeto na wenzake walikuwa wakicheza fimbo wakichunga ng'ombe, nami nikawa naingia: fimbo ikija unaikinga na yako, na kabla mwenzako hajavuta mkono umeshamchapa. Nikaona maneno ni vile vile. Nikaolewa Gesima, wakati wa vita vya pili vya Wazungu, na huko nikapata wa kucheza naye, babu ya mume wangu. Kwetu Wagusii babu anakuita "mke wangu" na unamtukana vile unataka, lakini baba mkwe ni ensoni, heshima ya kuogopana: humtazami usoni, na yeye hapiti karibu na mlango wako bila kukohoa kwanza.

Kila asubuhi babu alisimama nje akapiga kelele, "Mke wangu, unasaga wimbi ama umelala?" nami namjibu, majirani wanacheka, nikavimba kichwa.

Siku hiyo nilikuwa nasaga, nikasikia sauti ya mzee nje, "Wenye nyumba wapo?" Sikuinuka. Hapo ndipo nilipoharibu. Nikasema kwa nguvu, "Wapo, lakini wanataka mwanaume mwenye meno! Magoti yako yanalia kama mlango mbovu, kitanda changu utakipandaje?"

Nikadhani nimemshinda (mjinga mimi), nikashika mwiko, nikaruka nje, "Rudisha basi, mzee! Leo umeishiwa?"

Mwiko ukabaki juu. Aliyesimama pale alikuwa baba mkwe, mwenye sauti kama ya baba yake kabisa, na nyuma yake baba yangu mzazi, aliyekuja kunitembelea. (Baba mkwe alikohoa, waliniambia baadaye, lakini jiwe la kusagia lilikuwa linapiga kelele.) Baba mkwe akageuza uso, akaondoka. Baba yangu akaniuliza polepole, "Unajua ng'ombe zako ziko wapi?"

Nilijua. Ng'ombe za mahari yangu ndizo Ogeto alizoolea mke, na mke huyo alikuwa na mimba. Nikirudishwa, ng'ombe zinarudi, na yule msichana anarudi kwao na tumbo lake.

Wazee wakakaa uani mpaka jua likapinduka, mimi nimejikunja ndani, sisagi, sili, namsikia mmoja akisema, "Mwanamke wa mdomo huo atatuharibia watoto," na mwingine, "Arudi na baba yake leo leo." Baba yangu hakunitetea. Angesema nini?

Ndipo babu akaja na mkongojo wake, akamgeukia baba mkwe. "Mwanangu, fungua mdomo tuone. Meno si yapo? Na magoti yanayolia ni ya nani hapa? Hayo matusi ni yangu, mke wangu alinirushia mimi. Wewe ukipita katikati ya watu wanaocheza fimbo ukagongwa, utamshtaki nani?"

Mzee mmoja akacheka puani, kisha wengine wakashindwa kujizuia. Baba mkwe hakucheka. Alisema tu, "Mbuzi achinjwe, aibu hiyo ioshwe," na kwa hivyo nikabaki. Lakini hakula chakula cha mkono wangu mpaka nilipozaa mtoto wa pili, na mimi kila nikisikia mwanaume akikohoa, nasimama mbio.

Nilipopata boma langu, na watoto na wake za wanangu, nikatoa amri na bado iko: "Mtu akiita kutoka nje, hakuna kujibu ukiwa umekaa. Inuka, toka, mwangalie, umsalimie. Kama ni wa kutukanwa, mtukane hapo akikuona."