Jina Langu Kwenye Orodha

Naikumbuka siku moja, mjukuu wangu, niliyojificha nyuma ya kochi langu mwenyewe hapa Stratford kwa Waingereza, mchana kweupe, nimemziba mdomo mtoto wangu wa kwanza asije akacheka. Mlangoni alikuwa akibisha bwana wa kaunsili, serikali ya mtaa. Alifuata fomu ya kuandikisha wapiga kura, nami nilikuwa nimeshazificha tatu chini ya godoro.

Usinicheke. Kwetu Unguja, baada ya mapinduzi, kaka yangu aliitwa kutoka kwenye orodha ya majina, na hatukumwona tena mpaka ndevu zimemjaa mvi. Tangu hapo karatasi yoyote ya serikali yenye nafasi ya jina ilinitia homa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Na kituko ni kwamba siasa nilizipenda mno, ila za Marekani. Nilikuwa nafua mashuka ya hospitali, na saa ya mapumziko nilibishana na wenzangu mpaka chai ikapoa: nani anafaa kuwa rais kule, jimbo lipi litamwangusha. Diwani wa mtaa wangu sikumjua hata kwa sura. Ya mbali hayaji kubisha hodi, ndiyo maana nilikuwa shujaa.

Sasa, juu ya kochi hilo hilo alikuwa amekaa Bi Shemsa, jirani yangu, mtu mzima wa kwetu aliyetutangulia huku, anakunywa kahawa. Alinitazama, akaenda kufungua mlango, akamwambia yule bwana arudi kesho, fomu itakuwa tayari. Kisha akanigeukia.

"Toka huko, we mtoto! Kutwa unamchagua rais wa Marekani, nyumbani kwako unajificha? Lifti imekufa mwezi wa pili huu, unapanda ghorofa sita na mtoto mgongoni. Nani atakusemea?"

"N'naogopa, Bi Shemsa. Wakija kunichukua, watoto n'tamwachia nani?"

Hapo akalainika. Akaniambia naye alilia siku alipoandika jina lake. "Langu limo miaka minane, na mie n'po hapa nakunywa kahawa yako mbovu. Asiyekuwepo na lake halipo, mwanangu. Lete kalamu."

Niliandika jina langu. Wiki kadhaa kila hatua nje ya mlango ilinikata maini, na kumbe kilichokuja ni kadi ya kupigia kura tu. Siku ya kura nilikwenda shuleni kwa watoto, ndiko kulikopigiwa. Mama mmoja akalitafuta jina langu, akalisoma kwa kulivunjavunja, akalipigia mstari kwa rula, akanipa karatasi. Nikatia alama, nikatoka, nikasimama mvuani kusubiri mtu anishike bega. Hakuna aliyenishika. Nililia kwa faraja, kisha nikacheka peke yangu kituoni, basi likanipita.

Leo nakuona wajua kila neno la wagombea wa Marekani kwenye simu yako, lakini fomu yako ukiulizwa wajibu, "Later, Bibi." Wafuatilie, sikukatazi. Ila anza na mtaa unamolala, na kazini kwako, na shule ya wanao. Na hofu yetu sisi wazee usiirithi. Ilikuwa na sababu yake, wewe huna.

Mungu akulinde, mwanangu. Jina lako lisomwe kwa heri popote litakaposomwa, na ukiitwa, uitike "Nipo," kisha urudi kwako jioni ile ile. Amin.