Sufuria Iliyolazwa Kitandani

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilipowasha majiko mawili ya mkaa ili nipike sufuria moja ya makande. Usicheke bado. Jiko la pili halikuwa na kitu juu yake. Nililiwasha ili lionekane.

Wakwe walikuwa wanakuja, hiyo ndiyo sababu. Nilikuwa kijana, nachomelea mageti huku mjini, mtaa wa Ngarenaro, nimepanga chumba kimoja Levolosi na kukitia pazia katikati ili kiitwe viwili. Shule niliiacha darasa la tatu, au yenyewe iliniacha, tusibishane. Lakini mikono yangu ilikuwa inaingiza hela, na nilitaka wazazi wa Naomi, mchumba wangu, watu wa migombani huko mlimani, walione hilo. Walikuwa wanakuja kuangalia binti yao atakaa wapi. Wasiporidhika, namkosa. Basi nikanunua gunia zima la mkaa, nikalisimamisha mlangoni kama askari. Wahenga walisema maskini akipata, matako hulia mbwata. Yangu yalikuwa yanalia tangu alfajiri.

Shangazi yangu alikuwa ameteremka jana yake kuja kunisaidia, na ndiye aliyeloweka mahindi na maharage. Alipoona jiko tupu linawaka, aliniuliza kama napika makande au nachoma matofali. Makande yalipochemka sawasawa akayaepua, akaufukia mkaa kwa majivu ili uliobaki utumike kesho. Kisha akatandika majani makavu ya migomba ndani ya tenga, akatumbukiza sufuria na mfuniko wake, akalibeba lile tenga hadi kitandani kwangu, akalifunika mablanketi yangu yote mawili. Juu akaweka mto.

Nikamwambia hayo hayajaiva.

"Yataiva yenyewe," akasema. "Joto unalo. Kazi yako ni kulifukuza tu."

"Na wakwe wakiona?"

"Wataona makande. Ulitaka waone nini?"

Mchana akachukua dumu, akaenda kwa jirani kutafuta maziwa mgando. Huku nyuma wakwe wakafika, Naomi akiwa nao.

Niliwaamkia, nikawakaribisha viti. Baba yake Naomi alikuwa mzee wa kanisa, mtu mrefu asiyecheka ovyo. Alitazama majiko yaliyozimwa, akatazama pale pazia lilipoacha upenyo, akavua kofia. Kwa sauti ya chini akauliza anaumwa nani.

Hapo, mwanangu, ningesema ni makande, baba, mambo yangeisha. Lakini niliona haya. Niseme napika kitandani kwa kubana mkaa, na gunia lote lile liko mlangoni? Nikanyamaza. Na kwa watu wetu, kijana akinyamaza karibu na kitanda, ujue mgonjwa yuko taabani.

Mama yake Naomi akapita ndani ya pazia kwa kunyata, akaweka kiganja juu ya blanketi.

"Ana homa huyu," akasema. "Tena tumbo limemvimba."

Mzee akaanza kuomba, na maombi ya mzee wa kanisa hayana haraka. Alimwombea mgonjwa usingizi, akamwombea hamu ya kula, akaomba afunguliwe kila kilichomfunga. Nimeinamisha kichwa, jasho linanitoka kuliko mgonjwa mwenyewe. Alipomaliza, "Amina" moja nene ikatokea mlangoni. Ni Shangazi na dumu lake, anauliza kwa upole tunamwombea nani.

Mama akafunua blanketi la kwanza, akafunua la pili, akainua mfuniko, na mvuke ukampiga usoni. Maharage yalikuwa yameiva mpaka yamepasuka.

Naomi akakimbilia nje kucheka. Baba yake hakucheka. Alikula kwanza, sahani mbili, akafuta mdomo, ndipo akaniita kijana. Nikajua mke nimekosa.

"Kijana, jambo la busara umelionea haya, ukajivunia gunia. Mkaa ule ulikuwa miti. Sisi tunaoishi kule juu, msitu ukiisha mfereji unakauka, na migomba inakufa. Nikikupa binti yangu, utamlisha majivu?"

"Hapana, baba."

Akasema atanipa, ila mpaka Shangazi aseme kwamba naweza kupika vile kwa mikono yangu. Masika yote nilijifunza. Kule karakana wenzangu waliniuliza kila asubuhi mgonjwa kaamkaje. Nikawajibu kaamka salama, tumemla.

Naomi nilimpata, na leo tuna nyumba Sekei niliyoijenga tofali kwa tofali. Lakini nawaona nyinyi vijana mnachemsha maharage makavu kwa gesi mchana kutwa, macho kwenye simu, na mtungi ukiisha mnasema ulikuwa mbovu. Basi sikia, mwanangu. Loweka nafaka tangu usiku. Chakula kikishachemka vya kutosha, kifunike vizuri, uzime moto. Maji ya kufulia safishia choo. Maganda ya ndizi mpe ng'ombe, na kama huna ng'ombe, jirani anaye, wala hatakataa. Taa ya chumba kisicho na mtu inamwangazia nani? Akiba haiozi, na anayekucheka kwa kubana hatakuja kukukopesha.

Mungu akupe mvua kwa wakati wake na chakula cha kubakiza. Akuzeeshe hapahapa, mlima Meru ukiutazama kila asubuhi, nao bado ni wa kijani.