Mji Uliopewa Jina la Galen

Shemeji yangu Lowell Hostetter alitengeneza mabehewa ya mizigo kwa miaka thelathini na minane. Siku aliyostaafu alirudi nyumbani, akala viazi vyake, kisha akashuka chumba cha chini ya nyumba kutengeneza mabehewa mengine, haya ukubwa wa kipande cha sabuni. Dada yangu Verna, mkewe, alisema afadhali hivyo kuliko kushinda baa. Mimi nikamwambia baa angalau hufungwa.

Baada ya miaka michache chumba chote kilikuwa reli. Ilianzia karibu na mashine ya kufulia, ikazunguka tangi la maji ya moto, ikapita juu ya friza yenye nyama ya kulungu, ikavuka daraja refu la vijiti na kuishia chini ya ngazi. Milima ilikuwa ya plasta, miti ilikuwa magugu aliyoyakata mwenyewe kando ya barabara na kuyakausha. Ukisema "treni za kuchezea" mbele yake hakubishani nawe, ila Krismasi ile hupati zawadi. Mimi nilikosa mara mbili.

Lowell si mtu wa maneno. Mama yake, Hulda, alipokufa, mwanamume hakutoa chozi kaburini, hakusema lolote mezani, na wiki iliyofuata tukakuta kule chini kuna mji mpya wenye kibao HULDA, herufi nyeupe juu ya ubao mweusi. Kisha akafa kaka yake Ezra, aliyekuwa akiishi Florida. Simu ilipigwa Jumapili asubuhi Verna akiwa kanisani. Aliporudi Lowell hakumwambia kitu. Verna alishuka kutoa nguo kwenye mashine, akaona kibao kinasema EZRA na rangi bado mbichi. Akapanda ngazi na mashuka yanayotiririka maji mikononi.

"Ezra amekufa?"

"Asubuhi," Lowell akasema.

Ndivyo misiba ilivyotangazwa katika nyumba ile. Nilimwambia dada yangu kwamba mimi mume wa hivyo ningemtangaza yeye.

Basi ikawa desturi. Aliyekufa alipewa mji. Aliye hai alipewa biashara: duka, ghala, kiwanda. Mimi nina duka la kofia katika mji wa Ezra, ingawa sijavaa kofia tangu harusi yangu, na Verna ana duka la mikate. Mtoto wao, Galen, ana kiwanda cha kupasulia mbao tangu akiwa na miaka tisa, na alikipaka rangi nyekundu mwenyewe, mpaka madirishani. Sheria hii haikuandikwa popote. Tuliijua kama watu wa nyumba moja wanavyojua kila mmoja anakaa kiti gani.

Galen alikua akawa fundi wa mapaa. Kijana wa kuchekesha, mrefu, wa kuingia kwangu bila kubisha na kufungua friji. "Mama mdogo, hii keki ni ya nani?" "Ya watu wenye adabu." "Basi nitakula kidogo tu." Akiwa na miaka ishirini na sita alianguka kutoka paa la shule akaumia mgongo. Daktari akampa vidonge vya maumivu, na vidonge vikamchukua. Sitaki kusimulia yote. Aliuza vifaa vyake, kisha vya baba yake, kisha akaanza kununua unga unaouzwa kwenye vikaratasi. Mwezi Machi, miaka sita iliyopita, aliondoka na rafiki kwenda magharibi kutafuta kazi. Mwezi Juni alipiga simu kutoka Nevada kwa simu ya mtu, akamwuliza mama yake kama mbwa bado yu hai. Verna akasema yupo. Galen akasema vizuri. Hiyo ndiyo mara ya mwisho mtu yeyote wa kwetu kusikia sauti yake.

Mara mbili polisi walituma picha za maiti zisizo na jina. Verna alizitazama, akasema siye, siye, huku Lowell akiwa nje anasukuma theluji ambayo alikwisha kuisukuma. Polisi mmoja, mwanamke mpole, akaeleza kwamba wazazi wote wawili wakija wakapanguswa mate kwa pamba mdomoni, wataalamu wataweza kulinganisha vinasaba vyao na vya maiti zote zisizotambuliwa nchi nzima. Verna akachukua koti lake palepale. Lowell akasema, "Siendi kumtafuta mwanangu kwenye majokofu." Verna alimsihi mwaka wa kwanza, akamgombeza mwaka wa pili, na baada ya hapo hawakulizungumza tena, wakawa wanazungumza habari za hali ya hewa.

Badala yake Lowell alijenga mji mwingine ng'ambo ya daraja, pale reli inapoishia chini ya ngazi. Kanisa, shule, nyumba kumi na moja, hata kamba za nguo zenye nguo. Ila mji haukuwa na kibao. Mwaka ukaisha, wa pili ukaisha. Wazee wenzake waliokuja kila Alhamisi mchana kuendesha treni walipaita "kule mwisho" na hawakuuliza, kwa sababu walijua.

Asiyejua alikuwa Merle Zook. Merle aligawa barua maisha yake yote huko Ohio, na alihamia huku miaka mitatu iliyopita kuwa karibu na binti yake. Mtu mwema, mwenye meno makubwa na msaada mwingi kuliko unaohitajika. Akiona pengo lazima alijaze.

"Lowell, mji gani huu hauna jina? Watu wake wanapataje barua?"

"Hawaandikiwi."

"Hata mimi dereva wa treni nikifika nitasema nimefika wapi?"

"Sema umefika."

Merle akacheka akidhani ni utani. Hakuna aliyemvuta pembeni. Hata mimi nilikuwepo siku ile, nimebeba kapu la nguo, na mdomo wangu unaosema kila kitu haukusema hicho.

Kila Novemba, Jumamosi ya pili, Lowell hufungua mlango watu waje kutazama. Majirani huja, watu wa kanisani huja, watoto huja na vidole vyao. Wazee hujipanga kila mmoja na treni yake, na Lowell hukaa peke yake nyuma ya pazia, kwenye meza ya mwongoza treni, akiwa na vidude vya kusikilizia masikioni. Haoni reli. Anaambiwa tu treni gani imefika wapi saa ngapi, naye anaandika kwenye karatasi, kisha anaruhusu iendelee. Anasema huko kazini ndivyo ilivyokuwa, na kwamba anayeona treni huanza kuzitazama badala ya kuziongoza.

Mwaka jana Merle alifika mapema akiwa na bahasha. Alikuwa amechapa ratiba mpya za wote, safi, na amechora kibao kwa mkono wake, herufi nyeupe juu ya ubao mweusi, sawasawa kabisa na vile vya Lowell. Kule Ohio, kwenye kikundi chake cha zamani, mji ulikuwa heshima anayopewa mtu aliye hai. Yeye mwenyewe alikuwa mji, wenye benki na stesheni ya matofali. Alijua tu kwamba Lowell ana mtoto anayeitwa Galen, yuko mbali na hawasikilizani. Akafikiri atamfurahisha. Akabandika kibao pale chini ya ngazi wakati Lowell yuko juu anavaa shati.

Saa nane mchana treni zikaanza. Mimi nilikuwa karibu na friza nikizuia mtoto wa jirani asimng'oe ng'ombe malishoni. Merle alivuka daraja na treni yake, taratibu, anajisikia kama mkubwa wa kampuni, akasema kwenye kipaza sauti chake, "Treni kumi na saba imefika Galen, saa nne na dakika kumi," kwa saa ya kule kwenye reli.

Nyuma ya pazia Lowell akaanza kuandika. Baadaye niliiona ile karatasi. Mkono wa Lowell uliandika 17, ukaandika GALEN, ukaanza kuandika saa, ukaacha mstari mrefu mpaka ukingoni.

Wakati huohuo dada yangu alikuwa anashuka. Magoti yake mabaya, hivyo siku hizi hushuka chumba kile mara chache tu kwa mwaka, na siku hii hushuka na pai ya maboga. Alifika ngazi ya pili kutoka chini, na pale macho yake yakaangukia kibao. Akakisoma. Nilimwona akikisoma. Akaiweka pai juu ya ngazi kwa uangalifu, kama kitu kilicholala.

"Lini?" akasema.

Nikamwacha yule mtoto na ng'ombe wake, nikaanza kumwendea.

"Lowell!" akaita. "Walikupigia lini?"

Pazia likafunguka. Lowell akatoka na vile vidude bado masikioni, waya unaburuzika. Akatazama kibao. Uso wake ukawa rangi ya plasta.

"Nani ameweka hiki?"

"Usiniulize nani!" Verna akasema. "Nakuuliza lini. Ezra ulinificha nusu siku. Huyu umenificha siku ngapi? Walimkuta wapi? Alikuwa ndani au nje? Niambie tu kama alikuwa ndani."

"Verna. Sijapigiwa simu."

"Usinidanganye mbele ya watu."

"Sijapigiwa simu na mtu yeyote."

Ndipo Merle, masikini, akainua mkono kama mwanafunzi. "Ni mimi, mama. Nilitaka iwe heshima. Kule kwetu Ohio tunawapa... mimi mwenyewe ni..." Akaona nyuso za wale wazee wengine. Mmoja akamwambia kwa sauti ya chini, "Miji ni ya marehemu, Merle." Merle akavua kofia yake ya udereva akaishika tumboni. Sijaona mtu akizeeka upesi vile.

Nikawatoa watu. Mimi kwa kutoa watu ni hodari: "Mmeona treni, zimekwenda, zimerudi, haya, makoti yenu yako juu ya kitanda." Wakapita kwenye ngazi kando ya Verna wakiruka pai.

Tulipobaki watatu Lowell alinyoosha mkono kung'oa kibao.

"Kiache," Verna akasema.

"Hajafa."

"Hujui."

"Wala wewe hujui."

"Sijui," Verna akasema. "Ila kwa dakika moja nilijua. Unasikia, Lowell? Dakika moja nzima nilijua yuko wapi. Hana baridi, hana njaa, hakuna mtu anayempiga. Nilivuta pumzi mpaka chini, sijavuta hivyo miaka sita. Halafu wewe ukaniambia hujapigiwa simu."

Lowell akakaa kwenye sanduku la vifaa. Akavua vidude vya masikioni. "Unataka awe amekufa?"

"Nataka kulala," Verna akasema. "Nipeleke tukapanguswe kwa hiyo pamba. Na kibao ukikigusa, nitakwenda kukaa kwa Nadine."

Nadine ni mimi. Nilisema chumba kipo.

Walikwenda Januari. Mimi ndiye niliyeendesha gari. Ofisi ndogo, yenye kalenda ya mwaka uliopita. Yule polisi mwanamke aliwapangusa mashavu kwa ndani, kwanza Verna, kisha Lowell, na Lowell alifumbua mdomo kama mtoto anayepewa dawa, machozi yanamshuka mpaka kwenye kola. Akauliza itachukua muda gani. Akaambiwa wiki nane, labda kumi.

Zilikuwa kumi na tatu. Majibu yalisema hakuna maiti yoyote, katika zote walizonazo, inayolingana. Yule polisi alieleza vizuri kwamba hii haina maana kwamba yu hai. Ina maana hawajampata. Majina yao yatabaki kwenye orodha, na kila maiti mpya isiyo na jina ikiingia popote nchini, wataalamu watalinganisha tena. Verna akauliza mpaka lini. Polisi akasema hakuna mwisho, mama, wataendelea tu. Nadhani alifikiri anamfariji.

 Njiani kurudi Verna akasema, "Kwa hiyo hata huko hayupo," na Lowell akasema, "Ndiyo," na hayo ndiyo mazungumzo yote waliyofanya siku ile.

Alhamisi zimekwisha. Wazee walijaribu kuja mara mbili baada ya hapo, lakini treni zilipokaribia daraja kila mtu alianza kukohoa. Merle aliandika barua ya kuomba msamaha, kurasa nne, mwandiko mzuri wa mtu wa posta, na Lowell aliisoma na kumjibu kwa kadi kwamba hakuna ubaya. Kweli hakuna. Ingekuwa rahisi kama ungekuwepo. Lowell sasa hukaa juu mbele ya televisheni na Verna, na Verna hulala vibaya kuliko zamani, kwa sababu zamani alikuwa na jambo moja la kumwomba mumewe, na sasa amelipata.

Juzi nilishuka kuchukua nyama kwenye friza. Vumbi limeshika reli zote, na buibui amefunga daraja. Kibao kiko palepale. Nilipanda nikamkuta shemeji jikoni anakausha kikombe ambacho kilikwisha kauka.

"Utakiacha kile kibao?" nikamwuliza.

Hakukasirika. Alifikiri, kweli alifikiri. "Nikikiondoa itakuwa nini, shemeji?" akasema. "Na nikikiacha itakuwa nini?"

 Nilisimama na nyama yangu iliyoganda mpaka vidole vikaniuma, kisha nikaenda nyumbani.