Shahidi Asiye Ndugu

Akaiti hakuwa amekufa, na hilo kila mtu pale kijijini Ivirua alilijua, maana sauti yake ilisikika kuanzia kanisani hadi mashamba ya magimbi. Kazi ilikuwa kuwajulisha watu wa pensheni kule Auckland. Kila mwaka walimtumia fomu ya uhai: mtu wa kuaminika amtazame, aone anapumua, atie saini. Asipoirudisha kwa wakati, malipo yanakatwa. Miaka thelathini na minane ya kufua mashuka ya hospitali ingekwenda na maji, na yeye angerudi huko Auckland kulala chumba cha nyuma nyumbani kwa mwanawe, kwenye baridi ile inayopenya hadi mifupani. Hilo hakutaka hata kulisikia. Tangu arudi kisiwani kwao Mangaia, mwaka wa tatu sasa, alikuwa akiamka kila asubuhi anacheka peke yake.

Mwaka huu fomu ilikuja na mstari mpya. Shahidi awe mchungaji, polisi, mwalimu, daktari au mzee wa baraza, na asiwe ndugu wa mstaafu kwa damu, kwa ndoa wala kwa kulea.

"Wamelewa hawa!" Akaiti alisema, akaisoma tena. "Kisiwa kizima hatufiki watu mia tano. Asiye ndugu nitamvua baharini?"

Barua yenyewe ilikuwa imechelewa njiani, kwa hiyo fomu ilibidi iondoke na ndege ya Ijumaa, na leo ni Jumatano. Akavaa kofia yake ya maua, akapanda pikipiki, akaanza kiguu na njia.

Polisi alikuwa mtoto wa binamu yake. Alipoelewa anachoombwa, uso ulimshuka.

"Shangazi, yaani niandike kwamba mimi si ndugu yako? Nimekukosea nini?"

Ilibidi Akaiti ale sahani mbili za magimbi kwa tui ndipo kijana akatulia.

Mwalimu Vikash, Mfiji, alimpokea kwa kucheka. "Mama Akaiti, ungekuja Mei."

"Mei ulikuwa nani?"

"Mseja. Juni nimemwoa mjukuu wa dada yako. Si wewe uliyecheza mpaka ukavunja kiti?"

"Kiti kilikuwa kibovu," Akaiti alisema, akawasha pikipiki.

Mchungaji alikuwa mtu wa kisiwa kingine, Aitutaki, na Akaiti alimwekea matumaini makubwa. Mchungaji alisoma fomu, akaingia ndani, akatoka na kichanga chake mikononi. "Huyu anaitwa nani?"

Akaiti akashika kichwa. Kichanga kilikuwa kimepewa jina lake wiki tatu zilizopita, na mtoto akishabeba jina lako, wewe ni bibi yake.

"Unataka nidanganye nikiwa nimevaa kola?" mchungaji aliuliza.

Daktari alikuwa ameshaondoka, na mbadala wake bado hajafika. Akabaki Tuaiva, mzee wa baraza. Miaka kumi na mitano nyuma, Akaiti alipokuja likizo kuomba kiwanja upande wa baba yake, huyu Tuaiva alisimama mbele ya watu wote akatamka kwamba mwanamke yule si damu yao, baba yake alikuwa mtoto wa kuokotwa tu. Akaiti alipata kiwanja upande wa mama, lakini tangu siku ile hawakusalimiana. Sasa njiani alikuwa akipiga kelele za furaha mpaka kuku wakamkimbia. Nani mwingine amewahi kushangilia kukanwa?

"Tuaiva!" aliita kabla hata hajashuka. "Toka nje unikane!"

Mzee alitoka, mikono imejaa tope la magimbi. Akasikiliza, akanawa, akakaa, akachukua kalamu. Akasoma mstari ule mpya mara mbili. Kalamu ikabaki hewani.

"Siwezi."

"Huwezi nini? Mbona ulinikana barazani, na mimi nimevaa gauni jipya!"

"Ile niliisema kwa mdomo. Nilikuwa nakitaka kiwanja." Hakumtazama. "Hapa natia saini. Mwaka ule mama yako alipougua, mama yangu ndiye aliyetunyonyesha sote wawili, wewe titi hili, mimi lile. Wewe ni dada yangu. Hata siku ile barazani nilijua."

Akaiti alitaka kumpiga kwa kofia. Alitaka pia kumkumbatia, na machozi yalikuwa yanamtoka huku mbavu zikimuuma kwa kicheko.

"Miaka kumi na mitano nalisubiri neno hilo, unakuja kulisema leo? Si ungengoja Jumamosi, mjinga wewe!"

Wakacheka mpaka mzee akakohoa. Kisha Tuaiva akainua kidole. "Ijumaa daktari mpya anashuka. Mgeni kabisa, kutoka Burma."

"Tekura atamwahi."

Hiyo ndiyo ilikuwa shida. Mama Tekura, binamu wa Akaiti, hakuacha mgeni ashuke bila kumvika shada, kumpa jina na kumtangaza mwanawe. Daktari aliyepita alishakuwa mtoto wa Tekura kabla begi lake halijafika chini.

"Tekura niachie mimi," mzee alisema.

Ijumaa ndege ilipozima injini, Tekura alichomoka na shada lake. Tuaiva akanyoosha mkono. "Tuombe!"

Vichwa vyote vikainama, cha Tekura pia. Mzee akamwombea rubani, akaombea mabawa, moja baada ya jingine, kisha magurudumu. Akaiti alinyata hadi kwenye ngazi.

"Usifumbe macho, mwanangu," alinong'ona. "Hapana, si mwanangu! Sikujui kabisa! Wewe ndiye daktari?"

Daktari akasoma fomu, akamtazama usoni, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kazi yake, akamshika mkono kwanza. "Mapigo yanakimbia sana, mama."

"Waandikie hivyo hivyo, wafurahi."

Akatia saini juu ya begi lake. Rubani aliipokea bahasha kimyakimya, akaisukuma ndani ya mfuko wa barua. Nyuma yao maombi yalikuwa yamefika kwenye matairi ya magari ya mapokezi.

"Yule mzee anakuchungulia kila mara," daktari alisema chini chini. "Anaonekana anakufahamu vizuri. Kwa nini hakusaini yeye?"

Akaiti akageuka, akamtazama Tuaiva, jicho moja limefumbwa na jingine li wazi.

"Haruhusiwi," alisema, na hakunong'ona tena. "Ni kaka yangu."

Tuaiva akasita katikati ya neno. Akajaribu tena, na hatimaye akasema amina.