Ardis na Tarehe Zake

Ardis Tollefsrud hakuwa mtu wa kupendwa, na wala hakuomba kupendwa. Alikuwa mrefu, mkavu, taya limekazana kama mtu aliyeng'ata msumari. Miaka yote aliyooka mikate jikoni mwa shule pale Nesvik, watoto walipokea mkate wao bila kuinua macho. Hakuolewa. Alibaki kwenye nyumba ya baba yake, na akabaki na kitu kingine cha baba yake ambacho hakuna aliyemgawia. Yeye ndiye aliyeupanga mwaka wa ukoo mzima.

Wakati wa baridi, ziwa likishaganda sawasawa, wote walikwenda hifadhi ya jimbo ya Ziwa Tamblin kutoboa barafu na kuvua. Theluji ikiyeyuka, walikwenda kwenye maporomoko ya Skaar, ile wiki ambayo maji yananguruma na wale inzi weusi wanaouma hawajaamka bado. Kiangazi walirudi Tamblin kupiga mahema kwenye rasi, kwa sikukuu ya uhuru ya Julai. Na vuli, majani yakigeuka rangi, walipanda kilima cha Skaar na vikapu vya chakula. Tarehe za safari hizo zilikaa kichwani mwa Ardis, na hakuzitoa ovyo. Aliyetaka kujua alipiga simu akauliza kwa adabu, na hata hapo alijibiwa kama anayepewa sadaka.

"Dada, mwaka huu maporomoko lini?" kaka yake Harlan angeuliza.

"Nitakwambia."

"Kazini wanataka niombe ruhusa mapema."

"Waambie nitakwambia."

Harlan alishazoea. Aliyekataa kuzoea ni mkewe, Colleen. Huyu alitoka mjini, kusini ya jimbo, mwanamke wa maneno mengi na kicheko cha karibu, na tangu mwaka alioolewa yeye na wifi yake walikuwa wakitazamana kama paka wawili kwenye dirisha moja. Ardis alimwona Colleen mtu wa kelele. Colleen alimwona Ardis mwizi aliyeiba familia ya watu akaifungia kabatini.

Basi baridi ile, wakiwa wameketi juu ya barafu, kila mtu na tundu lake, Colleen akaanza.

"Wifi, hebu niulize. Hizi tarehe zako huwa zinatoka serikalini?"

"Zinatoka kwa anayejua."

"Anayejua nini? Kalenda hata mtoto wangu mdogo anasoma."

"Kalenda inakwambia leo Jumamosi. Haikwambii barafu itakubeba."

Watu wakacheka chini chini ndani ya skafu zao. Colleen hakucheka. Alisimama, akakung'uta theluji magotini, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka ufukoni: "Mwaka huu kiangazi napanga mimi."

Harlan akainama kutazama ndani ya tundu lake kana kwamba samaki amemwita. Ardis alivuta mshipi wake taratibu, akamtoa samaki kwenye ndoano, akampiga kichwa kwenye barafu mara moja.

"Jaribu," akasema.

Sasa, nafasi za kupiga hema Tamblin hushikwa kwa kompyuta, miezi kadhaa kabla, asubuhi saa mbili kamili. Rasi ni moja tu, ina meza ndefu na maji pande tatu, na huwa imekwenda kabla hujameza funda la kwanza la kahawa. Kwa hiyo kuna ujanja ambao watu wa huko wote wanaufanya, na wote wanaulaani akiufanya mwingine. Kila tarehe hufunguliwa kwa zamu yake, basi unaanza kushika siku za kabla ya sikukuu ambazo huna haja nazo, ukaunganisha mpaka sikukuu yenyewe, ukawatangulia wenzako. Baadaye unazifuta zile za mwanzo. Ardis hakuwahi kufanya hivyo. Kwake ule ulikuwa wizi mtupu. Alisubiri siku yake ya halali, akaketi mbele ya kompyuta na kahawa yake, na saa mbili ilipogonga akabonyeza.

Rasi ilikuwa imeshachukuliwa.

Simu ikalia mkono wake ukiwa bado kwenye kipanya.

"Wifi! Usihangaike, rasi ninayo mimi. Nimeanzia Jumanne."

"Sikukuu ni Ijumaa."

"Si ndiyo ujanja wenyewe!"

"Mtakuja Jumanne?"

"Nani aje Jumanne, watu wana kazi? Tunakuja Ijumaa. Wewe njoo ukae kitini, upumzike. Umezeeka na kupanga, mama wa watu."

Kulikuwa na jambo moja ambalo Colleen hakulijua. Siku ambazo hutalala lazima uzifute. Usipozifuta, na usiku wa kwanza usionekane, kesho yake adhuhuri nafasi yote inakwenda kwa mwingine, na sikukuu yako ndani yake. Lilikuwa neno la kusema kwa pumzi moja. Hakulisema. Akashika nafasi nyingine iliyobaki, ile iliyo karibu na vyoo ambayo hakuna anayeitaka, akaianzisha Jumanne hiyo hiyo.

Walipokwenda kwenye maporomoko, wifi hao walisimama bega kwa bega, maji yakiwarukia usoni, na Colleen akazungumzia rasi kutwa nzima: hema kubwa litakaa wapi, taa za kamba zitaning'inizwa wapi, soseji ngapi. Alitaja kila kitu isipokuwa kufuta. Ardis alimsikiliza mpaka mwisho.

"Umepanga vizuri," akamwambia.

Harlan aliposikia dada yake anasifu, alifurahi mjinga wa watu.

Jumanne ya Julai Ardis akapiga kihema chake kando ya vyoo. Rasi ilikuwa tupu. Kesho yake asubuhi akapita mlinzi wa hifadhi, mzee Odegaard, akizungukia nafasi moja moja.

"Hawa akina Tollefsrud wako wapi?"

"Mimi ni Tollefsrud."

"Wale wa rasi."

"Hao sijui."

"Si ndugu zako?"

"Mke wa kaka."

Odegaard akajikuna shingo. "Naweza kuwapigia simu. Labda wamesahau."

"Sheria inasema upige?"

"Haisemi."

"Basi."

Mzee akaangalia viatu vyake, akaendelea na mzunguko wake. Adhuhuri Ardis alikuwa anang'oa vigingi vyake, anahamia kwenye rasi.

Ijumaa walifika kwa msafara, magari yamejaa magodoro na watoto, Colleen mbele anapiga honi. Ardis aliwangoja mezani. Alikuwa amepika kahawa kwenye birika la baba, ile ya kuvunjia yai ndani ili machicha yashuke chini, birika zima la kuwatosha wote. Vikombe alishavipanga. Na huko ndiko alikokosea hesabu za watu. Alidhani watakasirika, watanuna kidogo, halafu watakaa, kwa kuwa meza ni ndefu na wana njaa. Alitaka wakae pale wakijua nani amewakalisha.

"Unafanya nini kwenye nafasi yangu?" Colleen alishuka akiwa amekunja uso.

"Yangu. Hukufuta Jumanne wala Jumatano. Waliisubiri mpaka adhuhuri wakaniachia."

"Ulijua?"

"Kila mtu anajua."

"Nakuuliza wewe! Ulijua tangu ile simu?"

Ardis akamimina kahawa kwenye kikombe cha kwanza. "Kaeni. Itapoa."

"Harlan," Colleen akasema, sauti imeshuka ghafla, na ilikuwa mbaya zaidi kuliko kelele zake. "Ukikaa kwenye hiyo meza, utarudi nyumbani kwa miguu."

Harlan alimtazama dada yake, akatazama vikombe. "Dada, ungesema neno moja tu."

"Na yeye angeuliza neno moja tu."

Hawakukaa. Odegaard aliwapa nafasi pekee iliyokuwa wazi hifadhi nzima, ile ya karibu na vyoo. Wakajibana pale wote, mahema yamepandana, moshi unawaingia machoni, kila anayepita na taulo begani anaomba radhi. Na wakacheka. Hicho ndicho kilichomchoma Ardis. Walicheka jioni yote, vicheko vinavuka miti mpaka kwenye rasi ambako yeye alikaa peke yake kwenye meza ndefu, maji pande tatu, birika likipoa.

Jioni hiyo Harlan akaja, na Ardis akasogea kwenye benchi kumpa nafasi.

"Nimefuata shoka la baba," Harlan akasema. Akalichukua, akaenda zake.

Jumapili wakafunga mizigo. Gari la Harlan likapita karibu na rasi, likasimama, kioo kikashuka.

"Watoto wanauliza vuli ni lini."

Colleen alikuwa ametazama mbele. "Muulize vizuri," akasema. "Si ndiye anayejua? Labda safari hii atutajie na masharti yake."

Ardis alijua tarehe. Majani ya kilima cha Skaar huwaka mwisho wa Septemba. Ikifika katikati ya Oktoba upepo umeshayavua yote, unabaki na vijiti na matope. Akainama dirishani.

"Wiki ya pili ya Oktoba," akasema.

Harlan akashangaa. "Si huwa Septemba?"

"Mwaka huu yatachelewa."

"Haya. Unajua wewe."

Gari likaondoka. Ardis akaingia hemani kukunja blanketi, na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa akasikia njaa.

Mwisho wa Septemba akapanda kilima peke yake, na mkate wa nyama na chupa ya kahawa. Alipofika juu akasimama. Kilima kizima kilikuwa kijani kama kabichi. Joto la kiangazi halikutaka kuondoka mwaka ule, watu walikuwa bado wanatembea na fulana, na yeye katika kufurahia uongo wake hakuwa amelitilia maanani. Aliketi kwenye jiwe akala mkate wake wote. Mbu, hata wakati huo wa mwaka, wakamuuma shingoni.

Wiki ya pili ya Oktoba hakwenda. Angekwenda na uso gani? Alikaa jikoni akisugua sufuria ambayo haikuwa chafu, na jioni simu ikalia.

"Dada!" Harlan alikuwa anapiga kelele kwa furaha, watoto wanapiga kelele nyuma yake. "Hatujapata kuona vuli kama hii! Mlima wote mwekundu, wote, mpaka mtoni! Ulijuaje?"

Ardis akakaza taya.

"Nilijua," akasema.

"Mbona hukuja?"

"Nilikuwa na kazi."

Nyuma ikasikika sauti ya Colleen, ngumu, inayotoka kwa kusukumwa: "Mwambie safari hii nimemkubali. Ila simsalimu."

"Umesikia?" Harlan akacheka. "Sasa barafu je? Baridi hii tunakwenda lini?"

Nje ya dirisha mti wa uani ulikuwa mwekundu mpaka kwenye matawi ya chini kabisa. Ardis akauangalia kama mtu aliyemtukana, akashusha pazia.

"Nitakwambia," akasema, akakata simu.