Umaskini wa Kuazima

Nichekeni tu, nimezoea, lakini siku ile mjini Thika nilitamani ardhi inimeze.

Miaka ya tisini ukiomba mkopo wa chuo, stempu ya chifu ya kuthibitisha umaskini haikutosha. Ilibidi uende na mzazi mbele ya kamati, mkaguliwe ukumbini watu wakiwatazama kama ng'ombe mnadani. Na bila mkopo, chuo ningekisikia redioni. Sasa rafiki yangu Njoroge akaniambia, "Wacha ujinga, ukienda na shati ya kupigwa pasi hupati kitu," nami (mwerevu wa Mwihoko nzima!) nikamwambia mama natangulia, nikapitia kwa fundi mmoja wa mjengo pale Ruiru, nikaazima suruali yenye saruji na matobo, nikamwachia nguo zangu, na viatu pia nikavua.

Mambo yalikwenda vizuri hadi mama alipoingia. Mama ni mchuma kahawa, na ofisi ya serikali anaiheshimu kuliko kanisa, kwa hivyo naye alikuwa ameazima: suti ya zambarau, kofia na mkoba unaometameta, vyote vya Mama Zuhura, jirani yetu anayeuza mitumba. Kuniona tu, akapiga nduru ukumbi mzima ukageuka.

"Haiya! Kamau, ni nani amekuibia nguo?"

Mwenyekiti akavua miwani. "Kijana, huyu ni mama yako?"

"Ni jirani tu," nikasema (ulimi hauna mfupa).

Watu wakaangua kicheko. Mama hakucheka. Akavua kofia, akaiweka mezani mbele ya yule bwana. "Hii ni ya kuomba. Suti pia. Hizo matambara zake sijui ametoa wapi, lakini huyo ni wangu. Kama huamini, kuja kesho huko kwa kahawa uone, na uvae gambuti, matope ni mengi."

Hapo hasira ikanipanda. "Kama mngemwamini maskini aliyeoga," nikasema kwa sauti, "nani angevaa hivi?" Neno hilo silijutii hata leo. Mwenyekiti akainama, akagonga muhuri kwenye fomu yangu.

Kituoni nikagundua nauli yangu ilipotelea kwenye tobo la mfuko. Mama, ameshaketi dirishani mwa basi, akanitazama.

"Jirani, jilipie nauli."

Nilitembea pekupeku hadi kwa fundi, Ruiru. Mkopo nilipata, na niliapa umaskini wangu sitauvalia tena nguo za kumpendeza mtu. Anayetaka kuuhakiki aje na gambuti. Ila nikimpigia mama simu, mpaka leo anaitika, "Sema, jirani."