Printa Iliyokaa Kimya

Mbele ya ofisi nzima, karani wa bima aliwahi kutamba: "Printa zote duniani zinanitii. Nyie endeleeni kuzipiga makofi." Siku hizi anafanyia kazi nyumbani. Kompyuta ya ofisini anaiingia kwa mtandao, na anachotaka kuchapa kinatokea kwenye printa yake ndogo, kando ya kikombe. Kabla ya kuchapa hualisha vidole kimoja kimoja mpaka vilie, kisha hugonga mfuniko kwa ukucha mara mbili: "Haya mama, tapika." Leo aligonga mara nne. Mkataba wake unakwisha Ijumaa, bosi kanyamaza kama maji ya mtungini, naye ameandika barua ya kuomba kazi kwa washindani wao, tena humohumo kwenye kompyuta ya ofisi, kwa kuwa ndimo wasifu wake ulimo. Akabonyeza. Kimya. Akapuliza tundu la karatasi, akabonyeza tena, na mara ya tatu kwa hasira za mkizi. Ndipo jicho likatua kwenye kisanduku cha kwenye skrini anachokitia tiki kila asubuhi ili kompyuta ya ofisini iitambue printa ya nyumbani. Kitupu. Simu ikaita. Ni dada wa mapokezi, ananong'ona: "Shoga, umetuma nini huku? Bosi kasimama kwenye printa anasoma, na nyingine zinatoka!" Simu ikapokonywa. "Dada yangu," bosi akasema, kwa upole unaotisha kuliko tusi, "mkataba wako mpya niliusaini asubuhi. Nimeuchana sasa hivi. Na kuchapa mambo binafsi ofisini ni shilingi mia mbili kwa ukurasa."